Hodi ya Mkwezi

Nani kakwambieni mnazi hukwewa kimya kimya, kama mwizi wa kuku? Nakuulizeni nyinyi vijana watatu mlioajiriwa kukwea katika ile hoteli ya Mbweni, na wenzenu wote mtakaosoma haya. Nani? Mimi nimekwea minazi ya Unguja tangu sijaota ndevu mpaka magoti yaliponigomea, na ujinga huo sijapata kuusikia ila mwaka huu. Naandika nimekasirika. Anayetaka maneno ya asali akanunue asali.

Jina langu Ussi, mtu wa Chwaka. Mtanisamehe nikiruka huku na kule, maana hasira haijui kupanga foleni.

Nianze na mlima. Msicheke. Katika skuli yetu kulikuwa na picha moja ukutani, picha ya mlima wenye kichwa cheupe. Wenzangu walitazama dirishani kungojea kengele, mie nikitazama mlima. Unguja yetu hii bapa kama chano, mtoto wa hapa kitu kirefu alichokijua ni mnara wa msikiti na mnazi. Siku moja nikamuuliza mwalimu wetu, Bi. Zuhura, "Mwalimu, mtu akifika kule juu anaona nini?"

Akafikiri kidogo. "Anaona kwa watu."

"Basi?"

"Kwani kidogo hicho, wewe? Kaa kitako."

Nikashikwa na uchu wa milima, uchu hasa. Wakubwa wakaniambia kwamba kipo kilima Masingini, si mbali na mjini. Nikamganda baba mpaka akanichukua siku aliyokuwa na safari yake ya huko. Tukatembea, tukatembea, nikachoka, nikakaa juu ya jiwe. Nikamuuliza, "Baba, kilima chenyewe kiko wapi?" Akasema, "Si hicho umekikalia!" Wallahi nililia. Baba akadhani nina njaa, akaninunulia muhogo wa kuchoma.

Mlima ukikosekana, mtu hukwea alichonacho. Mimi nilikuwa na minazi, na nilikuwa na Makame, mtoto wa ami yangu, rika langu, ambaye yeye hakutaka mlima wala nini, alitaka tu kuwa juu kabla yangu. Na kweli alinitangulia. Lakini alitangulia vibaya.

Alikwea mnazi ulioko nyuma ya nyumba ya Bi. Mosi bila ya kupiga hodi. Na Bi. Mosi yuko uani anakoga. Mama wa watu kainua kata ajimwagie maji, kainua na macho, kaona miguu miwili inaning'inia mbinguni. Yallah! Kata ilirushwa. Baada ya kata likaja kopo, baada ya kopo mwiko, na baada ya mwiko matusi ambayo mkono wangu hauwezi kuyaandika. Wanawake wa mtaa mzima wakajaa chini ya mnazi, kila mmoja na chombo chake cha jikoni. Makame alishuka adhuhuri, na hapo ni kwa kuwa wenyewe waliingia ndani kusali.

Mjomba wangu Vuai ndiye aliyekuwa mkwezi wa kijiji, na sote wawili tulikuwa tunamwandama atufundishe. Tulidhani atampiga Makame. Hakumpiga. Alimchukua shambani, akamsimamisha chini ya kila mnazi, apige hodi kwa sauti ya kusikika. Kila mnazi! Hata kule vichakani ambako hakuna nyumba wala banda, hakuna ila kima. "Hodiii! Mkwezi nakwea!" Mpaka sauti ikamkauka Makame, akawa anapiga hodi kama jogoo mwenye mafua. Mimi nilicheka, mjomba akaniunganisha na mimi.

Jioni akatuambia. "Mkwezi kapewa macho ambayo si ya kila mtu. Ukiwa juu unaona uani kwa watu. Unaona nani anakoga, nani anasuka nywele, nani anagombana na mumewe. Basi mpe mtu nafasi ajisitiri. Na huyo anayejisitiri ndiye huyo huyo anayemwondoa mtoto wake chini ya nazi. Ukisikia wamekuitikia 'Kwea!' ndipo useme Bismillahi utie mguu. Hujaitikiwa, hujakwea."

Hiyo ndiyo kazi, wanangu. Panga baadaye. Kamba baadaye.

Na ile hodi imesitiri watu wengi, nikwambieni ukweli. Mchana wa Ramadhani nikipiga hodi mtaa fulani, sitautaja, nilikuwa nasikia vifuniko vya masufuria vinavyogongana huko ndani, kish, kish, watu wazima wanaficha ubwabwa. Nikifika juu kila mtu kakaa barazani mnyonge, anatema mate. Sikuwahi kumsema mtu. Mkwezi mwenye mdomo hapewi mnazi.

Mjomba Vuai alitufundisha na mengine, na nyinyi hamuyajui, maana mnajifunza kukwea kwenye simu. Mnazi uliorowa hauna rafiki. Mvua ikikatika, ungoje jua liupige upande wote, si upande mmoja tu unaouona. Kamba ya miguu iwe ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, uisokote mwenyewe, ili ukiilaumu ujue unamlaumu nani. Msikate vipandio kwenye shina ovyo ovyo. Unajirahisishia leo, kesho maji yanaingia kwenye jeraha na mnazi unaoza kwa ndani huku nje unacheka. Maji moto, wale sisimizi wekundu, wakikuuma usiwapige, utaachia mkono. Wavumilie, nao wana kwao pale. Dafu huliangushi, unaliteremsha kwa kamba, likipasuka umeunywesha mchanga. Na ukifika kileleni, shika kuti bichi, tena karibu na shina lake. Mnasikia watu wakisema fulani kakalia kuti kavu, mnacheka, mnadhani ni maneno ya siasa. Maneno yetu hayo! Yametoka kwa wakwezi waliovunjika.

Na nyinyi wengine nawaona huko kwenye mashamba ya viungo, mnakwea mnaimba, mnabinuka, mnaning'inia kwa mguu mmoja, watalii wanakupigeni picha. Sikukatazeni riziki. Lakini mbona kuimba juu ya mnazi ruhusa, na hodi ndiyo imekuwa haramu? Nitafika huko.

Kwanza nimalize mlima wangu. Tulipokuwa vijana wenye nguvu zetu, nikamvuta Makame tuvuke bara, tufike Moshi, tuuone ule wa ukutani. Siku ya mwanzo hatukuona kitu. Ya pili hatukuona kitu. Mlima mzima umejigubika buibui la mawingu, hata ukucha hauonyeshi. Makame akaanza maneno yake: "Ussi, umenitoa kwetu kuja kutazama ukungu?" Siku ya tatu alfajiri nikatoka kutia udhu, nikainua macho. Ulikuwepo. Mweupe, mkubwa, karibu kuliko nilivyodhani. Birika ilinitoka mkononi.

Tukaomba kazi ya kubeba mizigo ya wageni. Tulipofika mguuni mwa mlima, pale njia inapoanza kupanda, Makame akasimama, akaweka mikono mdomoni: "Hodiii! Wakwezi tunakwea!" Wapagazi wenzetu walicheka mpaka wakakaa chini. Mkubwa wao peke yake hakucheka sana. Kesho yake, juu huko kwenye mawe, likachomoka jiwe chini ya mguu wake, na jiwe halijageuka mara mbili yeye keshapiga ukelele, "Jiweee!" Walio chini wakaruka pembeni. Halafu akamtazama Makame. "Umeona? Na sisi tuna yetu."

Kileleni hatukufika. Baridi ilitushinda, meno yetu yalipiga ngoma ya msewe mchana na usiku, tukarudishwa na kundi lililokuwa likishuka. Lakini kabla hatujageuka niliangalia chini, na Bi. Zuhura alisema kweli. Niliona kwa watu. Migomba, mabati, moshi wa majiko, mtu mmoja mdogo anaongoza ng'ombe. Tangu siku ile sijaona tofauti ya kilele cha mlima na kilele cha mnazi. Napenda vyote viwili kwa jambo hilo hilo, kwamba ukiwa juu watu wote wako mikononi mwako, nao hawajui. Nilirudi Chwaka nikakwea maisha yangu yote, na sikuchoka nako hata siku moja. Mke wangu alikuwa akisema nikiwa chini nanuna, nikitoka juu nacheka.

Haya. Sasa tuje Mbweni.

Mimi magoti yalipokataa nikakaa nyumbani. Makame akaendelea. Akapata kazi katika hoteli moja huko, kuangua nazi na kukata makuti makavu yasiwaangukie wageni. Kazi nzuri. Siku ya kwanza akasimama chini ya mnazi, akapiga hodi yake kama alivyofundishwa. Meneja akaja mbio. Kijana tu, nguo safi, maneno laini. "Mzee Makame, hapa wageni wanakuja kupumzika. Hizi kelele zinawasumbua. Kwea tu taratibu."

Kelele! Hoteli hiyo hiyo kila Jumamosi inaleta ngoma, zinapigwa mpaka popo wanahama. Ngoma si kelele. Hodi ndiyo kelele!

Makame akaja kunieleza. Nikamwambia, "Acha kazi." Akasema, "Ussi, nina watoto wanasoma." Nikamwambia, "Basi piga hodi ndogo." Akasema, "Nshajaribu. Kaniambia hata hiyo hataki." Basi Makame, yule aliyepigishwa hodi kwa kima vichakani mpaka sauti ikamkauka, akawa anakwea kimya. Nimekasirika na meneja, lakini msidhani sikukasirika na Makame. Nilikaa wiki nzima simsemeshi.

Asubuhi moja yuko juu. Anakata shada la nazi, na shada limekwisha kukatika robo tatu. Chini kuna bwawa la kuogelea, na pembeni mama wa kigeni kalala na kitabu chake, hajui kama juu yake kuna mtu. Angejuaje? Mtoto wake akakimbilia mpira, mpira ukaingia chini ya mnazi, na mtoto nyuma yake. Wakati ule ule shada likajikata lenyewe kwa uzito wake.

Makame angeliachia tu, asingeguswa na lolote. Hakuliachia. Alilidaka kwa mkono wa kulia, shada zima, zito kama gunia, na wa kushoto ukashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa kuti kavu. Akajirusha upande wa pili, na shada lake kifuani, ili wote wawili wasimwangukie mtoto. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Makame nyonga zote mbili zimevunjika, na daktari kasema kutembea tena asitegemee sana.

Yote hayo kayaona mpishi mmoja aliyekuwa mlangoni mwa jiko, naye kanieleza huku akilia. Hoteli wamesema nini? Wamesema mzee alipatwa na kizunguzungu. Umri. Ndivyo walivyowaambia wageni, ndivyo walivyowaambia ndugu zake. Kizunguzungu! Mtu aliyekuwa akila chapati juu ya minazi mirefu, miguu inaning'inia!

Haujapita mwezi, yule meneja akafunga safari mpaka Chwaka kwangu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Akakaa, akanywa chai yangu. Akasema wamepata vijana watatu wa kukwea, lakini vijana wana woga kwa sababu ya yaliyotokea. "Wewe ndiye uliyewafundisha wengi, watakusikia wewe. Njoo useme nao. Wape moyo. Waambie mnazi hauna neno, ni vile mzee mwenzako alipatwa na kizunguzungu."

Nikamwambia, "Nitakuja."

Alipotoka nikaenda kwa Makame. Wanamlaza uani, kwenye kitanda cha kamba, apate hewa na aone watu. Mkewe, Bi. Kazija, alikuwa anamgeuza. Nikamweleza meneja alichokuja kukitaka. Makame akamshika mkewe mkono, aache kumgeuza. Halafu akasema, "Ussi, mie kuanguka nimeanguka. Mkwezi kuanguka si aibu, mjomba Vuai mwenyewe aliwahi kuanguka. Lakini wasinipe kizunguzungu. Watoto wangu watasema baba alikuwa mzee hajijui." Macho yakamjaa. "Nenda. Kapige ile niliyokatazwa."

Mnaikumbuka siku hiyo, nyinyi watatu. Mlikuwa mmevaa fulana mpya, mmesimama kama mnaozeshwa. Nilikuja na kanzu na kofia, meneja akafurahi, akadhani nimekuja kuomba dua. Nikauliza, mnazi gani? Mkanionyesha kwa kidevu, hakuna aliyenyanyua mkono. Ulikuwa karibu na ukuta, na nyuma ya ukuta nyumba za watu. Nikavua kanzu. Ndani nilikuwa na suruali yangu ya kazi, na kamba kiunoni. Meneja akasema, "Mzee, mzee, hapana, maneno tu!" Nikamwambia maneno ndiyo hayo nayaleta.

Nikaweka mikono mdomoni.

"Hodiii! Mkwezi nakwea!"

Wageni wakageuka wote. Meneja akaweka kidole mdomoni, "Sss, mzee, tafadhali," ananibembeleza kama mtoto anayelia msikitini. Nikavuta pumzi, nikaipiga ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Na huko nyuma ya ukuta, katika nyumba nisiyoijua, kwa mama nisiyemjua, ikatoka sauti: "Kwea baba, tumeshajisitiri!" Na jikoni wanawake wanaoosha vyombo wakaitika kwa pamoja, "Kweaaa!" Na mwanamke mmoja wa kigeni, neno la Kiswahili hajui, akanitazama mimi, akautazama mnazi, akamshika mwanawe mkono akamwondoa.

Mliona hayo. Msiniambie hamkuona.

Nikasema Bismillahi nikakwea. Nusu ya mnazi magoti yakasema basi, nami sikubishana nayo, nikashuka. Niliposhuka nikasema mbele yenu na mbele ya meneja: "Makame hakupatwa na kizunguzungu. Makame alinyamazishwa. Mtoto yule yuko hai kwa kuwa Makame alimfanyia kwa nyonga zake kazi ambayo hodi ingeifanya bure." Nikavaa kanzu yangu nikatoka. Meneja hakunisindikiza.

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani mtaacha kazi, au mtakataa kukwea mpaka mruhusiwe hodi. Kumbe! Mpishi ananiambia mko hapo hapo, na mnakwea kimya, watatu nyinyi, kama paka juu ya dari. Mnaogopa nini? Atakufukuzeni? Atawafukuza watatu, akwee yeye na zile nguo zake safi? Kama mmoja angeogopa ningemwelewa, Makame alikuwa peke yake. Nyinyi mko watatu, loo!

Na ninalo la mwisho, la mmoja wenu. Mwenyewe anajijua, simtaji, sijawahi kumtaja mtu kwa alichokifanya juu ya mnazi.

Juzi ulikuwa na mapumziko, ukaja Chwaka kwenu. Jirani yake Makame akakuomba umwangulie nazi za kupikia. Ukaja na kamba yako, ukatia mguu, ukakwea. Kimya. Ulimi umeshazoea. Chini ya mnazi watoto wanacheza nage, Bi. Kazija yuko uani kichwa wazi anapepeta mchele, hapana hata mmoja anayejua kama uko juu. Aliyekuona ni Makame peke yake, kwa sababu siku hizi kazi yake kulala chali kutazama juu.

Akajiinua kwa viwiko, na maumivu yote yale. Akapiga yeye: "Hodiii! Mkwezi anakwea!"

Bi. Kazija akavuta kanga. Mama mmoja akatoka akakusanya watoto akawaingiza ndani. Mtaa ukaitika, "Kwea!" Nazi zako zikaanguka kwenye mchanga mtupu, hazikumgusa mtu, ukashuka, ukafunga kamba yako ukaenda zako, hata hukuuliza nani kapiga hodi.

Ni yeye. Rudi ukampe shikamoo yake.